Hema la Nguzo Moja na Nyumba ya Binti Yangu

Nyinyi vijana wa Garissa mjini na wa huku Balambala, nyinyi mnaokwenda ukingoni mwa Tana siku ya Jumamosi na mahema yenu yenye ncha mliyoagiza Nairobi, mkayasimamisha juu ya mchanga ili mpigwe picha mkinywa soda: nawaandikia nyinyi. Juzi nimemwona mmoja wenu akilikimbiza hema lake kama mtu anayefukuza kuku wa kuazima. Upepo wenyewe haukuwa upepo. Wajukuu wangu walicheka. Mimi sikucheka, maana nimefanya kazi ya hema miaka mingi kuliko umri wenu, na kuna siku hema limenitoa machozi.

Nitawaambia ya upepo, ya mvua na ya jua, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Lakini msidhani nimeshika kalamu kwa ajili ya kamba na vigingi tu. Binti yangu Habiba alikuwa na nyumba, leo hana, na kilichomnyang'anya ni hema. Hilo ndilo linaloniwaka kifuani. Nitalifikia.

Kwanza mjue jambo ambalo mama zenu wamesahau kuwaambia. Kwetu nyumba haijengwi na mwanamume. Mama yangu alinifundisha kujenga aqal, ile nyumba yetu ya mviringo inayobebwa na ngamia. Mbavu zake ni mizizi mirefu ya mgunga. Unaichimba, unaipasha moto, unaipinda ingali na joto, unaifunga ikae hivyo hivyo mpaka ikauke. Juu yake unatandaza mikeka ya nyasi, mmoja juu ya mwingine, kama manyoya ya mbuni. Msichana akikaribia kuolewa, mama yake na shangazi zake wanasuka na kupinda kwa miezi, na nyumba ile inakuwa yake. Si ya bwana. Bwana ni mgeni humo. Akimwacha, mwanamke anaifungua nyumba yake fundo kwa fundo, anaipakia juu ya ngamia, anarudi kwao. Mwanamume anabaki amesimama juani na fimbo yake na birika la kutawadhia.

Nimeyaona kwa macho yangu. Baba yangu mdogo alitoa talaka asubuhi kwa sababu ya maziwa yaliyomwagika. Adhuhuri hakuwa na kivuli. Jioni alikuwa ametuma wazee wakambembeleze mkewe arudi. Nyumba zile ziliwatia wanaume adabu kuliko mahubiri.

Sasa, kazi ya mshahara niliipata kwa sababu ya aibu ya wanaume. Ilikuja kliniki ya kuhamahama, ya kufuata wafugaji: lori moja, dereva, muuguzi, masanduku ya dawa, na hema kubwa jeupe la turubai. Nguzo moja katikati, limechongoka juu, pana chini. Sisi tukaliita kichuguu. Vijana wawili wa kwetu waliandikwa kazi ya kulisimamisha. Wakaanza kupiga vigingi, na wanawake wako kisimani wanawatazama.

"Naa, tazameni maharusi!" mmoja akapiga kelele. "Mahari yenu ngamia wangapi?"

"Yule mrefu mimi namtaka," akasema mwingine. "Anajua na kusuka?"

Vijana wakatupa nyundo, wakaondoka bila kuaga. Muuguzi, mama mmoja wa Kitui aliyeitwa Sista Mwende, akaniuliza kuna nini. Nilikuwa na Kiswahili kidogo cha sokoni. Nikamwambia, "Hawa wakijenga nyumba, nani atawapa binti?"

"Basi jenga wewe, mama."

Nikajenga. Sikutoka kwenye lori lile mpaka magoti yalipokataa kupanda.

Aliyenifundisha hema ni dereva, Ekiru, Mturkana aliyewahi kutunza mahema ya watu wa kupima barabara. Mtu mkali, hana salamu. Akija kukagua kazi yangu hasemi neno, anapiga kigingi teke. Kikitikisika, anang'oa vyote, hata vilivyokaa vizuri, halafu anasema, "Rudia." Nilimchukia. Lakini mpaka leo sijaona mtu aliyejua kuchagua mahali kama yeye. Alikuwa analala chali juu ya ardhi, mikono kifuani kama maiti, kabla hatujashusha kitu chochote. Watu wa kijijini walidhani anaumwa. "Lala hapa, mama," aliniambia siku ya kwanza. "Damu inakwenda wapi?" Nikamwambia inakuja kichwani. "Basi maji ya mvua yatalala kichwani pako." Tukahama hatua chache, tukalala tena. Jicho linadanganywa na nchi yetu hii, ni tambarare kama sinia. Mgongo haudanganyiki. Nyinyi na mahema yenu, nani kati yenu amelala chini kwanza? Mnatafuta tu mahali jua linapoangaza vizuri uso.

Tuanze na upepo. Ule wa baada ya masika, unaotoka upande wa bahari na kuvuma mpaka masikio yanauma, tulikutana nao Hulugho. Hema la kichuguu linauvumilia upepo vizuri kuliko la kuta, kwa sababu halina kifua cha kupigwa. Upepo unalizunguka unakwenda zake. Udhaifu wake uko mahali pawili. Pa kwanza ni vigingi. Kwenye mchanga kigingi ni kijiti cha meno. Chukua gunia, lijaze mchanga, lifunge kamba kiunoni, lizike kwa kina cha goti, halafu kamba ya hema ifunge hapo. Hata ngamia akijikwaa, gunia halitoki. Pa pili ni mguu wa nguzo. Upepo ukisukuma, nguzo inazama mchangani taratibu, na ikizama hema linalegea, na likilegea linaanza kupiga makofi, na hema likipiga makofi, ujue limeshaanza kuchanika. Weka kitu bapa chini ya nguzo. Ekiru aliweka kifuniko cha sufuria kubwa. Sista Mwende alikitafuta kifuniko hicho karibu wiki nzima, tukila wali wenye mchanga, na Ekiru anatafuna kimya kama hajui.

Na mlango uupe upepo kisogo. Upepo ukiingia ndani hautafuti pa kutokea, unabeba nyumba.

Siku moja ulizidi. Ekiru akaniambia, "Angusha." Nikasema kuna wagonjwa ndani. "Angusha, kabla upepo haujaangusha wenyewe." Tukaitoa nguzo, turubai likalala juu ya masanduku ya dawa, na sisi tukalikalia: mimi, Sista, na akina mama wawili waliokuja kutibiwa kikohozi. Tulikaa hapo kama kuku juu ya mayai mpaka upepo uliposhiba. Hakuna chupa hata moja iliyovunjika. Kuangusha hema mapema si kushindwa, vijana. Kushindwa ni kulikimbiza.

Mvua ni adui mwingine, na ni adui mwenye hila. Kule Kotile udongo ni mweusi, ukilowa unashika mguu kama mdai. Kigingi kinaingia kwa urahisi na kinatoka kwa urahisi vilevile. Kamba zetu zilikuwa za katani, na kamba ya katani ikilowa inafupika. Kwa hiyo wingu likitanda unalegeza kamba, hukazi. Mlinzi wetu mmoja, Gurey, hakuamini. Aliona wingu akakimbia kukaza kila kamba mpaka ikaimba. Mvua ilipokolea vigingi viliruka kimoja baada ya kimoja kama bisi kwenye karai. Hema likamwangukia muuguzi akiwa ameshika sindano. "Gurey!" alilia kutoka chini ya turubai. "Ukinisogelea nakudunga!"

Jambo jingine: turubai la pamba likilowa, usiliguse kwa ndani. Halivuji mpaka uliguse. Ukiegemeza kichwa, mwavuli, hata kidole, maji yanapata njia hapo, na hayaachi mpaka mvua iishe. Tulikuwa tunawapanga wagonjwa katikati, karibu na nguzo, kama kuni. Mtaro unauchimba kuzunguka hema, mwembamba, wenye mdomo upande wa mteremko. Wengi wanasahau mdomo. Mtaro usio na mdomo ni birika, unajichimbia bwawa la kuogelea.

Na ukilikunja likiwa bichi, umeliua. Mara moja tuliondoka kwa haraka tukalipakia limelowa. Tulipolifungua, lilikuwa na madoa meusi na harufu ya kiatu cha marehemu, na tulipolivuta likaachana mikononi kama chapati iliyolala. Lianike hata kama mmechelewa. Ugonjwa utawasubiri, ukungu hausubiri.

Jua ndilo tunalolijua zaidi, na ndilo linalowashinda wageni zaidi. Wakati wa jilaal, ule ukame wetu mrefu, ndani ya kichuguu kulikuwa kama ndani ya jiko. Nikapandisha pindo la chini mpaka usawa wa goti pande zote mbili, nikafungua tundu la kileleni, hewa ikaingia chini ikatokea juu. Bado joto. Ndipo nikamwambia Sista aniletee mikeka ya nyasi, ile ile ya aqal, nikaitandaza juu ya turubai upande wa jua na kuishona kwa kamba. Ekiru alikuja, akaingia, akakaa, akatoka. Akapiga kigingi kimoja teke. Hakung'oa. Kwa Ekiru hiyo ilikuwa ni sifa, na sikupata nyingine.

Baadaye yalikuja ya nailoni. Mepesi, rangi nzuri, kijana mmoja anabeba begani. Hayo hayapumui. Mkilala wanne, asubuhi jasho lenu linawadondokea, mnadhani mvua. Kamba zake hazifupiki, ila mbuzi wanazitafuna kama tambi. Jua linakila kitambaa polepole. Kwa macho hema liko sawa, lakini ukilivuta linapasuka kama karatasi. Nililalamika. Wakaniambia, "Mama Kamba, mambo yamebadilika," maana hilo ndilo jina walilonipa. Kisha ikajengwa zahanati ya mawe, lori likapelekwa kwingine, nami nikarudi hapa Balambala na chupa ya chai niliyopewa kama zawadi ya kustaafu. Chupa yenyewe haishiki joto.

Sasa Habiba.

Habiba alipoolewa na Dahir, mimi ndiye niliyemjengea. Nilichukua likizo kwenye lori. Mbavu zile nilizipinda kwa mikono hii, nene kama kifundo cha mkono, hazina ufa. Alihama nazo kila walikofuata malisho. Ukame ukaja ukala mifugo yao yote, wakasogea hapa, karibu na mto. Baada ya ukame, kama ilivyo desturi ya mwenye bahati mbaya, yakaja mafuriko. Mto ukapanda usiku na mchana, mikeka ikaoza, lakini mbavu Habiba alizipandisha penye mwinuko, kamba shingoni, mtoto mgongoni.

Likaja lori la msaada na mahema. Ya nguzo moja, yamechongoka, meupe. Nilipoyaona moyo wangu ulifurahi, nikasema haya nayajua. Wakaita wenye nyumba. Waliita majina ya wanaume. Dahir akaitwa, akalichukua hema begani, akarudi anacheka, akaliweka chini mbele ya mkewe, akaenda kunywa chai. Habiba ndiye aliyelala chali kutafuta mteremko. Habiba ndiye aliyezika magunia. Nilimfundisha kila kitu nilichofundishwa, na nilikipiga teke kila kigingi chake, na hakuna kilichotikisika.

Lakini kuni zote zilikuwa zimelowa. Watoto wana njaa, na moto hauwaki. Dahir akazitazama zile mbavu zimeegemea pembeni, kavu, akasema, "Sisi ni watu wa hema sasa. Hizo za nini?"

Nilipofika nikaona moshi mweupe, safi, wa mti mkavu. Nikajua kabla sijafika. Habiba alikuwa anakoroga uji. Hakuniangalia.

"Ngapi zimebaki?" nikamuuliza.

"Hooyo," akasema, ndivyo tunavyomwita mama, "watoto walikuwa wanalia."

"Nimekuuliza ngapi."

Hazikubaki.

Wanawake wengi walifanya hivyo siku zile, msidhani ni yeye peke yake. Kila mlango ulikuwa na moshi mweupe. Tulipika nyumba zetu tukazila.

Aliishi katika hema lile katika upepo na mvua na jua, akalitunza likabaki jeupe wakati ya jirani zake yamekuwa matambara. Kisha Dahir akapata kazi ya kuendesha pikipiki, akapata na miwani ya jua, na mwenye miwani ya jua hakosi kupata mke mwingine. Akampa Habiba talaka. Eda ilipokwisha Habiba akaanza kufungua kamba, kama nilivyomlea. Dahir akamshika mkono.

"Unafanya nini?"

"Nachukua nyumba yangu."

"Nyumba gani? Hili limetolewa kwa jina langu."

Nikaenda kwa wazee. Tukakutana barazani pa msikiti baada ya sala ya adhuhuri. Mkubwa wao alikuwa Mzee Gedi, ambaye binti yake mimi nilimjengea aqal zamani.

"Mzee Gedi," nikasema, "kwetu nyumba ni ya nani?"

"Ya mwanamke, Mama Kamba. Hilo halina ubishi."

"Basi mwambie Dahir aachie kamba."

Akajikuna ndevu. "Lakini hili ni nyumba? Aqal ni ya mwanamke kwa sababu mama yake ameijenga. Hema hili nani amelijenga? Limetoka kiwandani, limeletwa na lori, akapewa Dahir."

"Nani amelisimamisha? Nani amezika magunia? Huyu hajui hata kwa nini mlango wake unatazama upande ule."

"Kusimamisha si kujenga, mama."

"Na mbavu zake zilizopika chakula cha watoto wa Dahir? Hizo nazo zilitoka kiwandani?"

Mzee mmoja akatazama viatu vyake kama anahofia vitaibwa. Dahir akasema kwa sauti ya upole kabisa, ile sauti iliyonifanya nitamani kumpiga fimbo: "Hooyo, mimi sikumwambia achome."

Na ni kweli. Hakusema choma. Alisema za nini.

Mzee Gedi akasema mahema ni jambo jipya na sisi hatuna hukumu yake, na penye jambo jipya tufuate jina lililoitwa. Nikamwambia, "Sheria yetu ina miguu ya mizizi, na wewe umeikata." Akasema, "Usinikasirikie, dada." Sijawahi kuacha.

Habiba akaja kwangu na watoto wawili, sufuria na mkeka. Jirani alitoa punda wa kumsaidia. Punda alikuwa hana cha kubeba, akaja nyuma yao anatembea kama mgeni mwalikwa.

Msimu huu wa vuli mvua imeanza kwa nguvu. Juzi, baada ya chai ya saa nne, msichana akasimama mlangoni kwangu, viatu mkononi, amelowa mpaka kiunoni. Alikuwa Ifrah, mke mpya wa Dahir. Mtoto mdogo bado, ana hina ya arusi mikononi.

"Eeddo," akaniita, kama mtu anavyomwita shangazi yake, "nimeambiwa unajua mahema. Langu linavuja."

Habiba alikuwa ndani akasikia. "Mwambie aliegemee!" akapiga kelele. "Aliegemee kwa kichwa, kila upande!"

"Nyamaza wewe," nikamwambia. Nikamgeukia yule mtoto. "Umeligusa kwa ndani?"

"Nimetundika nguo kwenye nguzo. Zinagusa kidogo."

"Toa nguo. Legeza kamba kabla ya mvua, usikaze. Mtaro aliochimba mwenzako umejaa matope, uzibue, tafuta mdomo wake upande wa mto. Na usilale upande wa mlango."

Akanishukuru. Akawa anavaa viatu. Nikamuuliza, "Mama yako alikujengea nini ulipoolewa?"

"Alinipa kabati, eeddo. Na zulia la plastiki. Na vikombe."

"Kabati lina paa?"

Akacheka, akidhani natania. Halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka. Akatazama kule hema lilipo, akatazama sauti ya Habiba ilipotoka, na nikaona ameelewa amelala juu ya kitu gani. Akaondoka taratibu kwenye matope.

Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja, na sikuona haya kwa lolote. Dahir ana pikipiki, ana miwani, ana hema. Siku moja atapata na mke wa tatu.

Nikaingia ndani. Habiba amenuna, analia bila sauti. Wajukuu wangu wawili wa kike, Nasra na Sahra, mabinti wa mwanangu mkubwa, wameinamia simu, mmoja tayari ameshachumbiwa, na mama yake anazungumzia kabati. Mwanangu mdogo Dekow amejilaza anasubiri apelekewe chakula. Nikasimama katikati yao.

"Nasra, Sahra, zimeni hizo simu. Habiba, futa uso, chukua panga na jembe. Mvua imelainisha ardhi, tunakwenda kuchimba mizizi ya mgunga, na haturudi kukaa kitako mpaka mbavu za nyumba tatu zitimie, yako kwanza, halafu za hawa wawili. Na wewe Dekow, inuka. Kuanzia leo utapika wewe. Na usitie motoni mti wowote uliopindwa."